Kufungua Kesi ya Madai na Kumpata Wakili: Mwongozo kwa Wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mombasa ina kisiwa na ng'ambo zake, na mahakama zake nyingi zimekaa kisiwani, kwa hiyo mkazi wa Likoni huzifikia kwa feri, wa Kisauni kwa Daraja la Nyali, na wa Changamwe kwa njia ya Makupa, ingawa wanaoishi upande wa kaskazini wana pia mahakama ya Shanzu. Umbali huo si mkubwa, lakini kwa mwenye kibarua cha kutwa ni siku nzima ya kazi, na siku za namna hiyo zikijirudia kwa sababu kesi ilipelekwa mlango usio wake au hati moja ilisahaulika nyumbani, haki huanza kuonekana ghali kuliko deni lenyewe. Maelezo yanayofuata yanahusu kesi za madai, yaani zile ambamo mtu humdai mwenzake, kampuni au serikali fidia au haki nyingine, na hayahusu kesi za jinai, ambazo kwa kawaida huendeshwa na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na ambamo aliyedhulumiwa ni shahidi tu. Tofauti hiyo ina uzito kwa maisha ya kila siku, kwa kuwa mtu aliyetapeliwa anaweza kupiga ripoti polisi, akapewa nambari ya OB, kisha akakaa miaka akidhani kwamba fedha zake zinafuatiliwa, ilhali kesi ya jinai lengo lake ni kumwadhibu mkosaji, na muda wa kudai fedha hizo unaendelea kuisha.

Kabla ya kutafuta wakili, basi, mwenye madai huhesabu tarehe. Sheria ya Kenya inayoweka ukomo wa muda wa madai, ambayo ni Sura ya 22, inatoa miaka 6 kwa madai yanayotokana na mkataba, likiwemo deni la kawaida la mkopo au bidhaa. Miaka 3 kwa madhara, yaani hasara au majeraha yaliyosababishwa na uzembe au kosa la mwingine, kama vile ajali ya matatu. Na mwaka 1 tu kwa kashfa. Madai ya kazi, kama kufutwa isivyo haki, yana miaka 3 chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Anayeidai serikali ndiye mwenye haraka kuliko wote, kwa maana madai ya madhara dhidi yake hufa baada ya miezi 12 na ya mkataba baada ya miaka 3. Mazungumzo ya kirafiki hayasimamishi hesabu hii, na ahadi ya mdomo ya kulipa mwisho wa mwezi haiongezi hata siku moja. Hata hivyo, mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu yake, muda huanza kuhesabiwa upya, na ndiyo sababu mdai mwerevu huridhika kupokea hata shilingi 500 kwa M-Pesa huku akiutunza ujumbe wake.

Baada ya tarehe huja mlango. Kwa madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, mlango unaomfaa zaidi mtu wa kawaida ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi jijini Nairobi Aprili 2021 kabla ya kufunguliwa miji mingine, Mombasa ikiwemo. Mahakama hii husikiliza madai ya bidhaa na huduma, fedha zilizoshikwa na mtu mwingine, uharibifu wa mali na majeraha ya ajali, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kesi kufunguliwa, jambo ambalo katika historia ya mahakama za Kenya ni karibu mapinduzi. Haipokei migogoro ya ardhi, kashfa wala kesi za ajira. Rufaa yake huenda Mahakama Kuu na huhusu hoja za sheria pekee, si ukweli wa mambo, kwa hiyo ushahidi ambao haukuletwa siku ya kusikilizwa haupati nafasi ya pili.

Madai makubwa zaidi huenda kwa mahakimu, ambao mamlaka yao ya fedha chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 hupanda kwa cheo, kuanzia shilingi milioni 5 kwa hakimu mkazi hadi milioni 20 kwa hakimu mkuu; yanayozidi hapo ni ya Mahakama Kuu. Mfanyakazi wa Changamwe ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi hupeleka kesi yake ya kazi kwa mahakimu walioidhinishwa kusikiliza mashauri hayo, na wa mshahara mkubwa zaidi huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo wengi huiita Mahakama ya Leba. Aliyeumia kazini, iwe kiwandani au kwenye bohari za makontena, haanzi mahakamani hata kidogo, kwa sababu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inataka ajali hiyo ipelekwe kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo Desemba 2019. Ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka yake, ni kazi ya mahakama ya Kadhi, na masuala ya matunzo ya watoto husikilizwa katika mahakama ya watoto ya Tononoka. Mpangaji wa duka aliyepewa notisi ya kuhama ana baraza lake maalumu la kodi za biashara, ambalo ni chombo tofauti na mahakama.

Ardhi inahitaji neno la ziada, kwa kuwa katika ng'ambo zote tatu ndiyo inayozaa kesi chungu zaidi. Watu wengi wanaishi kwenye viwanja ambavyo hati zake zina jina la mwingine, na wamesikia kwamba anayekaa miaka 12 huwa mwenye mali. Kanuni hiyo ipo kweli, lakini ina masharti: ukaaji lazima uwe wa wazi, usiokatizwa, na usio na ruhusa ya mwenye hati, na anayeudai hupeleka ombi Mahakama ya Mazingira na Ardhi akiambatanisha nakala iliyothibitishwa ya rekodi ya hati hiyo. Sharti la ruhusa ndilo linalowanasa wakazi wa nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa Mombasa wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu anamiliki kuta na paa huku akilipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Risiti hizo za kodi, zilizotunzwa kwa uangalifu kama ngao, ni ushahidi kwamba alikaa kwa ruhusa, na kwa hiyo miaka 12 haijaanza kuhesabiwa hata kama babu yake ndiye aliyejenga. Mtu wa namna hii ana haki nyingine za kudai, lakini si hiyo, na wakili anayemwahidi hati kwa njia hiyo anapaswa kuulizwa maswali. Isitoshe, migogoro mingine ya ardhi haikumalizwa na mahakama: shamba la Waitiki huko Likoni, la ekari 930, lilipata suluhu serikali ilipolinunua na kuanza kutoa hati kwa wakazi Januari 2016.

Mlango ukishajulikana, hatua ya kwanza ya maandishi ni barua ya madai, ambayo humweleza mdaiwa kinachodaiwa, sababu yake, na muda wa kulipa kabla ya kesi kufunguliwa. Asiyeiandika, hata akishinda kesi, mara nyingi hunyimwa gharama zake. Chukuliwe mfano wa mama wa Mtongwe aliyempa fundi seremala shilingi 45,000 za kabati ambalo halikuletwa. Barua yake haihitaji Kiingereza cha kutisha. Inatosha itaje tarehe ya makubaliano, kiasi kilicholipwa na nambari ya muamala wa M-Pesa, siku ambayo kabati lilipaswa kufika, na kwamba asiporudishiwa fedha zake ndani ya siku 7 au 14 atakwenda mahakamani. Nakala moja hubaki kwake ikiwa na saini ya fundi na tarehe ya kuipokea, na fundi akikataa kutia saini, picha ya barua hiyo hutumwa kwa WhatsApp na alama zake mbili za buluu zikahifadhiwa.

Hapo ndipo watu wengi hukwama bila kujua, kwani ujumbe wa simu, picha ya skrini na taarifa ya M-Pesa ni ushahidi wa kielektroniki, na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai uambatane na cheti kinachoeleza ujumbe huo ulitoka kwenye kifaa gani, ulichapishwa vipi na nani, kikiwa na saini ya mhusika. Cheti hicho ni ukurasa mmoja, na mtu anaweza kukiandika mwenyewe, lakini bila hicho upande wa pili unaweza kuomba mazungumzo yote ya miezi sita yatupwe nje. Mazungumzo yenyewe huchapishwa yote kwa mfululizo, nambari ya simu ikionekana, kwa sababu vipande vilivyochaguliwa humpa mpinzani nafasi ya kusema kwamba vilivyoachwa ndivyo vyenye ukweli.

Katika mahakama za mahakimu kesi hufunguliwa kwa hati ya madai, inayoeleza wahusika, tukio, na kinachoombwa, nayo huambatana na hati ya kiapo inayothibitisha ukweli wake, orodha ya mashahidi, maelezo ya kila shahidi yaliyoandikwa na kutiwa saini, na nakala za vielelezo, ikiwemo barua ya madai. Hati ya kiapo hutiwa saini mbele ya kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili aliyepewa mamlaka hayo, na si kwenye meza ya cyber kisha ikapelekwa kugongwa muhuri mwenye kuapa akiwa amekwenda zake. Madai Madogo yana fomu fupi zaidi, na karani wa masijala, yaani ofisi inayotunza mafaili ya mahakama, anaweza kumwelekeza mtu fomu ipi ajaze, ingawa hana ruhusa ya kumshauri aseme nini.

Tangu Machi 2024 kufungua kesi kwa njia ya intaneti kumeenezwa katika mahakama za nchi nzima. Mwenye kesi hufungua akaunti kwa nambari ya kitambulisho, hupakia hati zake, hukadiriwa ada, na hulipa kwa simu, bila fedha taslimu kupita mkononi mwa mtu. Wenye cyber wa Kisauni na Likoni wanaifanya kazi hii kwa ustadi na kwa bei ya kuridhisha, ila akaunti ifunguliwe kwa simu na baruapepe ya mwenye kesi mwenyewe, kwa sababu taarifa za tarehe hutumwa huko, na wapo waliogundua kwamba kesi yao ilishatajwa mara mbili huku ujumbe ukiishia kwenye simu ya kijana aliyeshahama. Kuandika hati za kisheria kwa malipo ni kazi ya wakili pekee chini ya Sheria ya Mawakili, kwa hiyo mwenye cyber hupakia lakini hatungi.

Asiye na ada hana budi kujua mambo mawili. Agizo la 33 la Kanuni za Mwenendo wa Madai linamruhusu fukara kuiomba mahakama afungue kesi bila kulipa, baada ya kuonyesha mali na kipato chake. Kisha Katiba ya 2010, katika ibara ya 22, inasema kwamba anayefungua ombi la kutetea haki zilizomo katika Sheria ya Haki hatozwi ada ya kuanzisha shauri hilo, na kwamba mahakama inaweza kulipokea hata kwa hati zisizo rasmi. Ibara hiyohiyo inamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi zima au kwa manufaa ya umma.

Kielelezo cha njia hiyo kipo Mikindani, jirani ya Changamwe, katika kijiji cha Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kilichoanza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, kiliwaachia wakazi sumu ya risasi katika udongo na damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, pamoja na shirika lake na wakazi, walipeleka ombi la kikatiba Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa mwaka 2016. Julai 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hakuna mkazi hata mmoja wa kijiji kile ambaye angeimudu safari hiyo ya karibu miaka tisa peke yake kwa mfuko wake, na anayedhani tatizo lake ni la mtaa mzima, kama maji taka, bomoabomoa au hewa chafu, afadhali awatafute majirani na shirika la haki kabla ya kutafuta wakili wa kulipa.

Kesi ikishafunguliwa, mdaiwa hupelekewa samansi, yaani hati ya kumwita ajibu, kwa mkono wa msambazaji aliyeidhinishwa, ambaye kisha huapa kwa maandishi kwamba alimfikishia. Bila kiapo hicho mahakama haitoi hukumu ya upande mmoja, hata mdaiwa akikaa kimya mwaka mzima. Tarehe zinazofuata ni za aina mbili: kesi kutajwa, ambapo mahakama hukagua tu iwapo hati zimekamilika na kupanga siku, na kesi kusikilizwa, ambapo mashahidi hutoa ushahidi. Mashahidi hawaletwi siku ya kutajwa, na mara nyingi siku hiyo huendeshwa kwa video, hivyo mkazi wa Likoni mwenye simu nzuri na bando la kutosha huokoa foleni ya feri. Siku ya kusikilizwa, kinyume chake, mdai asipofika kesi inaweza kutupwa, na kusema kwamba feri ilichelewa ni sababu ambayo mahakimu wa Mombasa wameshaizoea.

Mahakama za chini huendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili kwa mujibu wa kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, na mtu ana haki ya kusema kwa Kiswahili bila kuona haya. Mahakama Kuu na ya Rufaa kifungu hicho kimeziachia Kiingereza, hali ya ajabu kidogo kwa mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya mama wa sokoni na ya jaji akirudi nyumbani.

Je, wakili anahitajika lini? Kwa deni la kabati, hapana. Madai Madogo yaliundwa ili mwenye dai ajisemee. Kwa ardhi, mirathi yenye ugomvi, majeraha makubwa, au mpinzani mwenye kampuni ya mawakili, ndiyo, na mapema. Wakili halali ana cheti cha kufanya kazi kinachotolewa upya kila mwaka, na jina lake linaweza kutafutwa bure katika tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya, LSK. Asiyepatikana humo, au anayekutana na wateja hotelini na kuhamahama, huachwa. Waathiriwa wa ajali wana hatari ya pekee, kwani wapo madalali wanaozunguka kwenye wodi na vituo vya polisi wakikusanya saini za majeruhi ambao bado wana dripu mkononi, na aliyetia saini hugundua baadaye kwamba ana wakili asiyewahi kumwona na dai lililomalizwa kwa kiasi asichokijua. Saini ya hospitali inaweza kungoja, kwa kuwa kwa kawaida sheria humpa miaka 3.

Malipo ya wakili yana viwango vya chini vilivyowekwa kwa kanuni, na makubaliano juu ya hapo huandikwa na kutiwa saini, yakitaja kama kiasi hicho kinajumuisha ada za mahakama, usafiri na rufaa. Ahadi ya kulipwa tu iwapo kesi itashinda, ambayo humvutia sana asiye na kitu, ni batili chini ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili. Fedha za fidia huingia kwenye akaunti ya wateja, ambayo wakili hapaswi kuichanganya na yake, na mteja ana haki ya kupewa hesabu kamili. Anayeona wakili wake amemficha fedha au ameitelekeza kesi hupeleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na anaweza kumbadilisha wakati wowote, ingawa wa kwanza atalipwa kazi aliyokwisha kuifanya.

Asiyeweza kulipa ana Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, kina ofisi Mombasa na kimeshughulikia sana ardhi, kazi na makazi. FIDA huwasaidia wanawake katika ndoa, matunzo na mirathi. Na MUHURI, shirika la Mombasa lenyewe, hushika zaidi haki za binadamu na uhusiano na polisi. Mashirika haya hayachukui kila kesi, na mara nyingi humfundisha mtu kujiwakilisha, yakimwandikia hati kisha yeye akasimama mwenyewe. Anayekwenda huko abebe nakala za kila karatasi zilizopangwa kwa tarehe, kwa sababu afisa anayeona faili iliyonyooka huelewa kesi kwa dakika kumi, na anayepewa mfuko wa plastiki wenye risiti zilizokunjwa humwambia mteja arudi wiki ijayo.

Hukumu ikitolewa, mshindi huomba hati rasmi inayoitwa dikrii, ambayo ndiyo hutekelezwa, kwani asiyelipa kwa hiari hufuatwa kwa dalali wa mahakama kukamata mali, au kwa amri ya kuzuia fedha zake benki. Mshindi ndiye anayeanza kulipia hatua hizo, kwa hiyo kabla hata ya barua ya madai inafaa ijulikane mdaiwa ana nini: duka, gari, mshahara, au pikipiki yenye mkopo. Dikrii hudumu miaka 12, na fundi asiye na kitu leo anaweza kuwa na karakana Changamwe mwaka wa saba.